Wangari Maathai: Binti wa Nyeri Aliyelipa Deni la Elimu kwa Miche

Ukitoka mjini Nyeri ukashika njia ya kusini kuelekea upande wa Murang'a, utapanda vilima na kushuka mabonde ya udongo mwekundu, huku kahawa na huku chai, mpaka ufike Mukurweini. Ni mahali ambapo baridi ya alfajiri humfanya mtu wa pwani atafute shuka ya pili. Jina lake limetokana na mti. Mukurwe ni mti mkubwa wa kivuli, na ile -ini ya mwisho ni ndugu wa -ni yetu sisi tunaposema Mwembeni au Mnazini. Mukurweini, basi, ni penye mti wa mukurwe.

Nilifika huko siku moja kwa shughuli zangu, nikakuta watu wamekusanyika chini ya turubai. Ilikuwa harambee. Msichana wa kijiji alipata nafasi chuo kikuu kwenda kusoma kemia, na karo haikutimia. Wazee walitoa. Akina mama walitoa fedha zao za maziwa, noti zilizokunjwa mara nne na kufungwa katika pindo la leso. Mbele kabisa paliwekwa safu ya viti kwa ajili ya wale waliosomeshwa na michango ya kijiji hicho hicho, ambao leo ni mabwana na mabibi wakubwa huko Nairobi. Safu ile nusu yake ilibaki tupu mpaka jua likapinda.

Nikiviangalia viti vile, nilimkumbuka mwanamke mmoja wa Nyeri hiyo hiyo, aliyesoma sayansi kwa fedha za watu asiowajua, kisha akautumia umri wake wote kulipa. Naye ni marehemu Profesa Wangari Maathai. Wengi wetu twamjua kwa miti na kwa ile tuzo ya Nobel. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya miti alikuwa mwanasayansi, na kabla ya sayansi alikuwa mtoto wa kike ambaye nusura asipelekwe shule.

SWALI LA KAKA

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, upande wa Tetu, Nyeri. Baba yake, Muta Njugi, alikuwa mfanyakazi katika shamba la mzungu karibu na Nakuru, na mwaka 1943 mama alimfuata huko pamoja na watoto. Shambani hapakuwa na shule. Mwaka 1947 mama na Wangari wakarudi Ihithe, ambako kaka zake walikuwa wakisoma.

Kwa desturi ya siku zile mambo yangekwisha hapo. Wavulana shule, msichana mtoni, kuni na kulea wadogo. Lakini kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao swali jepesi: mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mama, ambaye mwenyewe hakuwa na elimu ya darasani, alifikiri kidogo akakubali. Alijua kuwa akimpeleka binti shule atapoteza mikono miwili ya kumsaidia shambani, na akakubali kuipoteza. Huo ndio mchango wa kwanza aliotolewa Wangari, na pengine ndio uliokuwa mzito kuliko yote, kwa kuwa ulitoka kwa mtu asiye na cha ziada.

Karibu na nyumbani kwao palikuwa na mti wa mugumo, na karibu yake chemchemi. Mama alimkataza asiokote kuni kwenye mti ule, kwani ulihesabiwa kuwa mtakatifu. Mtoto yule alikuwa akikaa kando ya maji akitazama mayai ya chura yaliyong'aa kama shanga, akijaribu kuyatungua kwa kidole yakamponyoka. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza la elimu ya viumbe, wala halikuwa na mwalimu.

KUTOKA MATHARI HADI LIMURU

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja alipelekwa bweni, shule ya St. Cecilia katika misheni ya Mathari, Nyeri, iliyokuwa chini ya masista wa Kikatoliki kutoka Italia. Mwaka uliofuata, 1952, hali ya hatari ilitangazwa nchini. Watu wa Nyeri walihamishwa makwao wakatiwa katika vijiji vya kulindwa kwa mitaro na askari, na mama yake akiwa miongoni mwao. Binti alikuwa nyuma ya ukuta wa shule, akisoma, na nje ya ukuta nchi ikiwaka moto.

Mwaka 1956 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake, akapata nafasi Loreto, Limuru, mojawapo ya shule chache sana zilizowapa wasichana Waafrika elimu ya sekondari. Huko alimpata mwalimu wa sayansi aliyemwacha amsaidie kuosha vyombo vya maabara baada ya vipindi. Katika kuosha vile vioo na kupanga chupa, mapenzi ya kemia na baiolojia yalimwingia. Wakati ule msichana aliyemaliza sekondari alifunguliwa milango miwili tu: ualimu au uuguzi. Wangari hakutaka wowote kati ya hiyo. Alitaka kuendelea.

FEDHA ZA MAREHEMU

Hapa ndipo inapoingia habari ya ile safari ya ndege ambayo Wakenya wa rika lile hawakuisahau. Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi, aliona kwamba uhuru u mlangoni na nchi haina wasomi wa kuiendesha. Alizunguka Marekani akiomba vyuo vitoe nafasi na watu watoe nauli. Mwaka 1959 ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81. Miongoni mwa waliochanga walikuwa mwimbaji Harry Belafonte, mcheza sinema Sidney Poitier na mchezaji mashuhuri Jackie Robinson, watu weusi wa Marekani ambao wenyewe walikuwa bado wanadai haki zao kwao.

Mwaka 1960 nafasi ziliongezeka lakini nauli ikakosekana. Mwezi wa Julai Mboya alikwenda kumwona Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais. Jamaa ya Kennedy walikuwa na mfuko wa hisani walioufungua mwaka 1946 kwa jina la mtoto wao mkubwa, Joseph, rubani aliyekufa vitani mwaka 1944. Mfuko huo ulitoa dola 100,000.

Sisi tuliolelewa katika mafundisho ya wakfu na sadaka yenye kuendelea tunalifahamu jambo hili bila kufasiriwa. Wazazi wamefiwa na mwana, wakaweka mali ifanye kazi kwa jina lake. Na mali ile ikavuka bahari, ikamchukua binti wa Ihithe ambaye marehemu yule hakupata kumsikia wala kumwota.

Wala isidhaniwe kuwa fedha zote zilitoka ng'ambo. Mfuko ulilipa nauli, vyuo vilisamehe ada, lakini nguo, sanduku na matumizi vilichangwa hapa hapa, na wazazi, majirani na marafiki. Jumla ya wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki waliondoka katika miaka ya mpango ule. Wasichana walikuwa wachache miongoni mwao.

Wangari aliondoka Septemba 1960. Kutoka New York alisafiri kwa basi mpaka mji mdogo wa Atchison katika jimbo la Kansas, katika chuo cha wanawake cha Mount St. Scholastica kilichoongozwa na masista wa Kibenedikti. Alichagua baiolojia, akaongeza kemia na Kijerumani. Mwaka 1964 alipata shahada ya kwanza. Akapata ufadhili mwingine, akaingia Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akachunguza tezi moja ndogo iliyomo katika ubongo wa ndege aina ya kware, na kupata shahada ya pili.

MLANGO ULIOFUNGWA NA ULIOFUNGULIWA

Mapema mwaka 1966 alirudi Kenya huru akiwa na barua mkononi. Aliahidiwa kazi ya msaidizi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati ule kilikuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alipofika akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini mpaka mwisho kwamba alinyimwa kwa sababu ya kabila lake na kwa sababu ni mwanamke.

Elimu ilimsaidia. Mjerumani mmoja, Profesa Reinhold Hofmann, alikuwa akianzisha idara ya anatomia ya wanyama, akahitaji mtu anayejua kukata vipande vyembamba vya nyama na kuvitazama kwa darubini. Kazi hiyo Wangari alikuwa ameizoea Pittsburgh. Akamchukua. Baadaye akamsaidia kwenda kusoma Ujerumani, katika vyuo vya Giessen na Munich. Mwaka 1969 alirudi nyumbani akaolewa na Mwangi Mathai, na mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kikampa shahada ya udaktari wa falsafa. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kuipata shahada hiyo. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara na mwaka 1977 profesa mshiriki, na katika vyeo vyote viwili hakutanguliwa na mwanamke mwingine chuoni hapo.

Mtu angeweza kustarehe. Ana nyumba ya chuo, ana cheo, ana watoto watatu. Lakini aligundua kwamba walimu wanawake hawapewi haki sawa na wanaume wenye elimu ile ile: nyumba, bima na marupurupu. Ilidhaniwa kuwa mwanamke ana mume wa kumtunza. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, mwalimu wa baiokemia, walisimama kulipinga hilo. Wenzao wengi waliogopa kuwaunga mkono, hata wanawake, kwa kuwa waume zao hawakupenda. Lakini hao wawili hawakunyamaza. Ni kawaida ya aliyevuka mto kuuvuta mtumbwi upande wake. Wangari alitaka kuusukuma urudi ng'ambo, ukawachukue waliobaki.

MICHE SABA

Katika miaka ile ile alikuwa mwanachama wa Chama cha Wanawake Waliohitimu Vyuo Vikuu Kenya, na kwa njia hiyo akaingia Baraza la Taifa la Wanawake. Katika mikutano yake wanawake wa vijijini walieleza shida zao: kuni ziko mbali, maji yamekauka, watoto hawashibi. Wangari aliyasikia maneno yale kwa masikio ya mwanasayansi na ya mtoto wa Ihithe. Alipokwenda kwao aliukuta ule mugumo wa utotoni umekatwa, na chemchemi imekauka. Alifahamu uhusiano wa mambo mawili hayo. Mizizi mirefu ya mti ndiyo iliyoyaongoza maji ya chini yapate njia ya kutokea juu.

Tarehe 5 Juni 1977, katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, ilipandwa miche saba kuwakumbuka mashujaa saba waliokwisha kufa, wa makabila mbalimbali ya Kenya. Miongoni mwao alikuwamo Mekatilili wa Menza, shujaa wetu wa Kigiriama. Hapo ndipo lilipoanza lile lililokuja kuitwa Green Belt Movement.

Mabwana misitu walicheka kwanza. Walisema kupanda miti kwahitaji stashahada, na hawa akina mama wengine hata kusoma hawajui. Wangari, mwenye shahada tatu, aliwaambia wanawake watumie akili ile ile wanayotumia kupanda mahindi na maharagwe. Baada ya misaada kupatikana kutoka Norway na kutoka mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake, kila mwanamke alilipwa senti chache, thamani ya senti nne za Kimarekani, kwa kila mche wake ulioshika na kuishi. Waama, haba na haba hujaza kibaba. Senti zile zilinunua madaftari, sare na chumvi. Na miche ilipita milioni 30 kabla ya mwaka 2004.

GHARAMA YAKE

Tusimpambe maisha yake kama arusi. Aliyoyapata yalimgharimu. Mumewe alimwacha mwaka 1977, na mwaka 1979 mahakama ikaivunja ndoa hadharani, huku magazeti yakiandika. Kwa kumsema hakimu vibaya baada ya kesi, alifungwa jela siku tatu. Mumewe alimtaka aliache jina lake. Yeye akaongeza herufi moja, Mathai likawa Maathai, akaendelea na safari.

Mwaka 1982 alijiuzulu chuo ili agombee ubunge Nyeri. Wenye mamlaka wakamzuia kwa hoja ya kujiandikisha, na aliporudi chuoni kuomba kazi yake ya miaka kumi na sita, akakuta nafasi imekwisha jazwa. Akatolewa na katika nyumba. Akabaki na umri wa miaka arobaini na kitu, bila mshahara, na watoto wa kulea. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, akatukanwa bungeni. Mwaka 1992 alipigwa akazimia, alipokuwa pamoja na akina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa siasa. Mwaka 1999 alipasuliwa kichwa akiutetea msitu wa Karura. Bustani ipo leo, na msitu upo.

Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua mbunge kwa kura karibu zote, na akawa naibu waziri wa mazingira. Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa njiani kwenda kwao Nyeri habari ilipomfikia kwamba amepewa tuzo ya Nobel ya amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alisimama katika hoteli ya Outspan mjini Nyeri, akapiga magoti, akachimba shimo kwa mikono na kupanda mti, uso ukielekea Mlima Kenya.

Alifariki dunia mjini Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa maradhi ya saratani. Aliusia asizikwe katika sanduku la mbao, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Jeneza lake lilifumwa kwa mwanzi, mafunjo na magugu ya ziwani. Mwili ulichomwa, kama ilivyokuwa hiari yake na si mila yetu, na mabaki yake yakawekwa Kabete, katika taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi yenye jina lake, ambamo vijana husoma habari za amani na mazingira. Chuo kile kile kilichomfungia mlango mwaka 1982 ndicho kilichomhifadhi.

DENI NI LA NANI?

Wasomaji wapenzi, tunaposoma habari za watu wakubwa huwa twapenda kusema kuwa walijaaliwa, tukaishia hapo. Kujaaliwa alijaaliwa. Lakini hesabu ya maisha yake inaonyesha watu: kaka aliyeuliza, mama aliyekubali, mwalimu aliyempa vyombo aoshe, Mboya aliyeomba, wazazi waliotoa kwa jina la maiti wao, majirani waliochanga, profesa aliyempa kazi. Mmoja wao akikosekana, kamba inakatika.

Naye hakuwa wa kwanza kuifahamu hesabu hii. Marie Curie, mwanasayansi mashuhuri wa Poland na Ufaransa, alipokuwa mwanafunzi fukara mjini Paris, mwaka 1893, alipewa msaada wa rubo 600 ili amalize masomo. Alipopata kazi yake ya kwanza ya kulipwa, alidunduliza akazirudisha zote, ingawa hakudaiwa, ili msichana mwingine asikose. Na katika umma wetu wa Kiislamu, historia inamtaja Fatima al-Fihri, ambaye mwaka 859 alitumia urithi wake kujenga msikiti wa Qarawiyyin mjini Fez, uliokuja kuwa mojawapo ya vyuo vya kale kabisa duniani.

Hata hapa kwetu Mombasa si wageni wa jambo hili. Ile taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ilisimama kwa michango: Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja alitoa, Aga Khan alitoa, Mabohora walitoa. Vijana waliojifunza uhandisi na ubaharia pale walienda kufanya kazi mbali na karibu. Leo milango yake iko wazi kwa mabinti zetu pia. Kinachowazuia wengi wao si akili, bali ni karo, na wakati mwingine ni kukosekana kwa mtu wa kuuliza lile swali la Nderitu.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba apandaye mti ukaliwa na ndege, mtu au mnyama, ameandikiwa sadaka. Ametufundisha pia kuwa elimu yenye manufaa haikatiki thawabu yake kwa kifo. Anayemsomesha binti sayansi anayapata mawili hayo kwa mara moja, kwani binti huyo ndiye atakayekuwa daktari wa mama zetu hospitalini, na mwalimu wa hesabu wa wajukuu zetu.

Hivyo narudi Mukurweini, chini ya turubai. Harambee ile iliisha magharibi. Hesabu ilisomwa, na karo ya mwaka wa kwanza ikatimia, kwa fedha za maziwa zaidi kuliko fedha za Nairobi. Mwaka wa pili, wa tatu na wa nne ilibaki kwa Mungu na kwa wenye viti. Msichana mwenyewe alisimama akashukuru kwa sauti ndogo, kisha akaanza kukusanya viti na wenzake. Alianza na vile vya mbele, vilivyokuwa vitupu, akavipanga kimoja juu ya kingine, akavipeleka ndani vikangoje mara nyingine.